Picha Zimepanda Daraja, Uhakiki Umeshuka

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Je, vipindi vya makala za habari kwenye televisheni bado vina ubora na vinaaminika kama zamani?" Jibu langu ni kwamba ubora wa picha na uaminifu wa kipindi vimeachana njia. Picha za leo ni nzuri kuliko za wakati wowote uliopita, lakini kazi ya kuhakiki, ambayo ndiyo humpa mtazamaji sababu ya kuamini, imepungua. Mtu anaona picha safi ya droni ikipita juu ya mibuni ya Kibosho, anadhani kila sentensi ya kipindi imefanyiwa kazi kwa umakini ule ule. Sivyo. Bei ya picha nzuri imeshuka sana. Uhakiki hula muda wa watu, na muda huo haujapungua hata kidogo.

Kwanza tukubaliane kuhusu hiyo zamani. Zanzibar walianza kuona televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo yake. Zamani ya mkazi wa Arusha au Moshi ni miaka 30 na ushee, na si yote ya kutamani. Makala nyingi za miaka ile zilikuwa na upande mmoja: kiongozi anazindua, mwananchi anashukuru, kipindi kinaisha. Hata hivyo kulikuwa na jambo la kiufundi lililowasaidia waandaaji bila wao kulipanga. Kamera ya Betacam ilitumia kanda ndogo ya dakika 30. Timu iliyotumwa Same au Monduli na kanda 6 ilikuwa na saa 3 tu za kurekodi, hivyo kila tukio lilifikiriwa kabla ya kubonyeza. Kanda ziliporudi, mwandishi alizitazama zote huku akiandika kwa mkono: dakika ya 4 na sekunde 12, mwenyekiti wa kijiji anakiri barabara haijakabidhiwa.

Leo memori kadi moja ya GB 128, kwa picha za 4K zinazorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, inabeba karibu saa 3 peke yake, na timu hurudi na kadi 5. Mhariri mwenye siku 2 za kazi hawezi kutazama picha ghafi zote hizo. Anatafuta kipande kikali, anakiweka. Kinachopotea ni sentensi iliyofuata, ile ambayo mhojiwa aliianza kwa "lakini".

Makala ya dakika 25 ikifanywa inavyopaswa hudai siku 3 au 4 za utafiti na kuonana na watu bila kamera, siku 5 za kupiga picha, siku 2 za kunakili mahojiano neno kwa neno, siku 5 za kuhariri, na siku 2 za kuhakiki skripti. Hizo ni zaidi ya wiki 3 za kazi kwa nusu saa ya hewani. Kipindi cha kila wiki chenye timu ya watu 3 hakina wiki hizo. Kitu cha kwanza kukatwa huwa ni zile siku 2 za mwisho, kwa kuwa zikikatwa hakuna anayeona pengo kwenye kioo.

Naomba niueleze uhakiki wenyewe, maana watazamaji wengi hawajui kwamba ni kazi inayojitegemea. Skripti huchapwa katika safu mbili, picha upande mmoja na maneno upande wa pili. Makala ya dakika 25 huwa na maneno 1,300 hivi ya msimuliaji, na ndani yake madai kati ya 60 na 100: majina, vyeo, tarehe, kiasi cha fedha, nani alisema nini. Kila dai hupewa namba. Mtu ambaye hakwenda safari hukaa na mwandishi, wanapita namba moja moja, na kwa kila namba mwandishi anatoa ushahidi: waraka, rekodi yenye dakika iliyotajwa, au chanzo cha pili kisichotegemea kile cha kwanza. Ushahidi ukikosekana, sentensi inaondoka hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Kinachokosewa mara nyingi ni chanzo cha pili. Ofisa wa kata na diwani wakisema jambo moja baada ya kusoma taarifa ile ile ya mradi, hicho ni chanzo kimoja kilichosemwa na vinywa viwili.

Walioanzisha aina hii ya vipindi walipita njia hiyo hiyo, kupanda na kushuka, na makosa yao yameandikwa kwa kina. 60 Minutes ya CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza tarehe 24 Septemba 1968 chini ya Don Hewitt, ikiwa na makala fupi fupi ndani ya saa moja. Miaka ya mwanzo haikuvuta watu wengi. Msimu wa 1979 hadi 1980 ilikuwa namba moja kwa watazamaji Marekani nzima, na hapo wenye vituo wakaelewa kwamba saa moja ya makala ni nafuu kuliko saa moja ya tamthilia, na inaweza kuingiza pesa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, Dateline ya kituo kingine cha Marekani, NBC, ilifika hadi usiku 5 kwa wiki. Saa za kurusha ziliongezeka kuliko wahakiki. Mada nazo zikahamia kwenye mauaji na kesi, kwa sababu jalada la mahakama linakuja likiwa limekwisha kupangwa: lina mashahidi, lina tarehe, lina mwisho. Uchunguzi wa kiwanda au halmashauri hauna zawadi hiyo.

Dateline hiyo hiyo tarehe 17 Novemba 1992 ilionyesha pikapu za General Motors zikigongwa ubavuni na kuwaka moto. Hoja ya msingi kuhusu mahali tangi la mafuta lilipowekwa ilikuwa na watu makini nyuma yake. Lakini waliofanya jaribio walifunga viwashio chini ya gari, na kifuniko cha tangi hakikukaa sawasawa. Mtazamaji hakuambiwa. General Motors walifungua kesi, na mwezi Februari 1993 NBC waliomba radhi hewani. Rais wa kitengo cha habari, Michael Gartner, aliondoka mwezi uliofuata. Tatizo lilikuwa hamu ya picha. Ushahidi wa karatasi ulikuwepo, ila karatasi hailipuki mbele ya kamera.

Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya CBS. Tarehe 8 Septemba, 60 Minutes ya Jumatano ilionyesha nyaraka zilizodaiwa kuandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu utumishi wa kijeshi wa George W. Bush, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati kipindi kinarushwa. Zilikuwa nakala za fotokopi, hakukuwa na waraka halisi hata mmoja, na zilipita kutoka mkono wa mtoaji hadi hewani ndani ya siku chache. Fotokopi haina wino wa kupimwa wala karatasi ya kuchunguzwa umri. Watu waliziandika upya kwa programu ya kawaida ya kompyuta na herufi zikalingana. Tarehe 20 Septemba CBS walikiri kwamba hawawezi kuthibitisha uhalisi wake. Hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu nyaraka nyingi zinazofika vyumba vya habari hapa kwetu ni picha ya simu ya fotokopi, iliyopitia makundi 3 ya WhatsApp. Swali la kwanza kuliuliza ni jepesi: karatasi yenyewe iko wapi, na nani aliishika mara ya mwisho?

Panorama ya BBC, iliyoanza mwaka 1953, inaonyesha kosa la aina nyingine. Mahojiano ya mwandishi Martin Bashir na Bintimfalme Diana wa Uingereza ya Novemba 1995 yalikuwa maneno ya Diana mwenyewe, hayakutungwa. Ila ripoti ya Jaji Dyson ya Mei 2021 ilieleza kwamba Bashir alitumia hati bandia za benki kumshawishi kaka yake Diana, ndipo akafikishwa kwa Diana. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye kioo hata ukitazama mara 100. Linajulikana tu pale kituo kinapokubali kuchunguzwa na mtu wa nje, na hapo ilichukua miaka 25. Kisha Oktoba 2024 Panorama hiyo hiyo iliunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, siku Bunge la Marekani lilipovamiwa, zikasikika kama sentensi moja, ingawa kati yake kulikuwa na zaidi ya dakika 50. Jambo lilipofichuka, mkurugenzi mkuu wa BBC na mkuu wa habari walijiuzulu, Novemba 2025.

Kosa la kuunga, tofauti na lile la hati, mara nyingi mtazamaji anaweza kulishuku akiwa nyumbani kwake. Fumba macho, sikiliza. Kila mahali pana sauti yake ya chini: feni, friji, mvua kwenye bati, pikipiki za barabarani, jogoo. Mhojiwa akiwa katikati ya sentensi na sauti hiyo ya chini ikabadilika ghafla, vipande viwili vimeunganishwa. Sikiliza pia pumzi: mtu huvuta pumzi kabla ya sentensi mpya, na pumzi ikikatwa nusu ujue mkasi umepita hapo. Kisha tazama picha inayowekwa wakati huo. Ukiona kamera inahamia kwenye mikono ya mhojiwa, saa ya ukutani au wapita njia huku sauti inaendelea, mara nyingi ni picha ya kufunika kiungio. Kufunika si dhambi, kila kipindi kinafanya, kwa sababu watu husitasita na kurudia maneno. Lakini jibu la sekunde 20 kwenye jambo zito likiwa na vifuniko 3, ni haki yako kuuliza swali lilikuwa lipi na jibu zima lilikuwaje. Waandaaji waangalifu huacha swali lisikike, na wakiruka sehemu hufifisha picha kidogo ili mtazamaji ajue kuna kilichorukwa.

Sasa fanya kinyume: zima sauti, tazama picha peke yake. Je, zinaonyesha kinachosemwa, au ni picha za akiba? Watu wa Kilimanjaro na Arusha wana faida kubwa hapa, kwa sababu mazingira yetu yanatoa ushahidi. Ukiwa Moshi unatazama mlima kuelekea kaskazini, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Kipindi kikisema kimepigwa Moshi na Mawenzi ikawa kushoto, basi picha imegeuzwa au imetoka upande wa Kenya, kule Amboseli. Mijakaranda ya Arusha huchanua zaidi Oktoba na Novemba. Ukiona barabara imejaa maua ya zambarau kwenye makala inayodai kuonyesha hali ya Juni, uliza. Shamba lisilo la umwagiliaji ni nadra kuwa na mahindi ya kufika kiunoni mwishoni mwa kiangazi cha Februari. Na kivuli: sisi tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 3 na kitu tu, hivyo saa sita mchana mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini, Desemba ni kinyume chake.

Mbinu hizi si za mzaha. Mwaka 2018 BBC Africa Eye walichukua video ya simu iliyoonyesha wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, video ambayo serikali ya Kamerun ilikuwa imeikana. Walilinganisha mstari wa vilele vya milima ulioonekana nyuma na picha za satelaiti mpaka wakapata mahali, karibu na Zelevet kaskazini mwa nchi. Wakapima majengo yaliyokuwepo na yasiyokuwepo, njia za miguu, na pembe ya vivuli, wakafikia kipindi cha kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Baadaye wanajeshi walishtakiwa na kuhukumiwa. Kwa hiyo nisieleweke kwamba makala za televisheni zimekufa. Kazi hiyo ilifanywa kwa picha mbovu za simu, ikawa miongoni mwa kazi zinazoaminika kuliko nyingi zilizopigwa kwa kamera za mamilioni, kwa sababu walimwonyesha mtazamaji hatua kwa hatua jinsi walivyojua wanachokijua.

Upande wetu, kinachoumiza zaidi ni nani analipa. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, hana mshahara. Nauli, chakula na wakati mwingine malazi hutoka kwa yule anayeandikwa: mradi, shirika, halmashauri, kampuni. Bahasha ni sehemu ndogo ya tatizo, ingawa ndiyo inayosemwa sana. Sehemu kubwa ni gari. Timu ikisafiri kwa gari la mradi, mradi ndio unaoamua gari lisimame wapi, nani awe amekaa barazani akisubiri, na saa ngapi mrudi. Chukua mjadala wa wakazi wa Ngorongoro kuhamia Msomera, Handeni, ulioshika kasi mwaka 2022. Makala inayofaa kuaminiwa inahitaji kufika pande zote mbili, kuongea na waliohama na waliokataa kuhama, na kurudi Msomera baada ya miezi kadhaa kuangalia maji, malisho na hati za viwanja. Hiyo ni safari ya mamia ya kilomita, mafuta na siku nyingi. Kituo kisipolipa, atalipa mwenye upande. Kwa hiyo tazama maandishi ya mwisho wa kipindi, na kama hakuna mahali palipoandikwa nani aligharamia safari, punguza imani yako kwa kiasi hicho.

Ukosefu wa pesa ndio pia umeleta mijadala ya studio mahali pa makala. Wageni 3, meza moja, magazeti ya asubuhi. Hata BBC mwaka 2024 walikifupisha Newsnight hadi nusu saa na kukigeuza kuwa cha mahojiano na mijadala. Mjadala mzuri una faida yake, ila hauchimbi jambo jipya. Unatumia habari iliyochimbwa na mwingine.

Nirudi kwenye mfano wa huku kwetu ambao naona ndio kipimo kikubwa tulichowahi kupewa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, iliyodaiwa kuponya magonjwa kama kisukari na UKIMWI, kwa shilingi 500. Televisheni zilifika. Picha zilizobaki vichwani mwa watu ni za foleni ya magari na shuhuda za waliotoka kunywa. Ushuhuda wa mtu aliyekunywa saa 2 zilizopita unaeleza tumaini lake, nalo ni la kuheshimiwa, lakini hauelezi sukari yake wala CD4 zake, yaani chembe za kinga ambazo virusi vya UKIMWI huzipunguza. Makala iliyotakiwa ilikuwa ngumu kupigwa na rahisi kuielewa: tafuta wagonjwa 20 wenye vyeti vya hospitali, waombe ridhaa kwa maandishi, chukua vipimo vya kabla ya safari, andika dawa wanazotumia na kama wameziacha, kisha rudi kwao baada ya miezi 3 na miezi 6 na vipimo vya hospitali ile ile. Sukari isomwe kwa kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, maana kipimo cha kidoleni hubadilika na chakula cha asubuhi. Makala ya hivyo ina uwezo wa kuokoa mtu anayefikiria kuacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Haihitaji droni. Inahitaji mhariri atakayekubali kusubiri nusu mwaka.

Jambo la kuficha sura nalo linaharibiwa kila wiki. Kutia ukungu usoni pekee hakumfichi mtu katika mji mdogo kama Mererani au vijiji vya Marangu: shati, mlango wa nyumba, ng'ombe na hata namna ya kukaa vinamtaja. Sauti iliyoshushwa kwa kompyuta inaweza kurudishwa karibu na ilivyokuwa. Njia salama ni kumpiga picha mahali pasipo kwake, kamera ikitazama ukutani kwenye kivuli chake, na maneno yake kusomwa upya na mtu mwingine, huku kipindi kikisema wazi kwamba hiyo si sauti yake. Kituo kisichojua kumlinda anayekipa habari hakitapewa habari tena, na hapo ubora unashuka bila mtu kujua chanzo.

Sikiliza pia maneno "tulimtafuta hakupatikana". Haki ya kujibu inatimizwa kwa barua au baruapepe yenye tuhuma zilizoorodheshwa moja moja, yenye tarehe ya mwisho ya kujibu, na kwa mambo mazito siku 5 hadi 7 za kazi. Simu moja jioni ya siku ya kurusha haitoshi. Kipindi makini kitasema kilituma maswali lini, kwa njia gani, na kilijibiwa nini.

Ukiona kosa, andika jina la kipindi, tarehe, saa, na dakika ya kosa tangu kipindi kianze. Nukuu maneno yaliyosemwa, weka ushahidi wako chini yake, peleka kwa mhariri wa kituo na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usitumie kipande cha sekunde 30 ulichotumiwa kwenye simu, kwa sababu siku hizi hata nembo ya kituo inabandikwa juu ya video iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Tafuta kipindi kizima kwenye ukurasa wa kituo chenyewe. Usipojibiwa, Baraza la Habari Tanzania husuluhisha malalamiko dhidi ya vyombo vya habari, na Kamati ya Maudhui ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hushughulikia kanuni za utangazaji. Omba marekebisho yasomwe kwenye kipindi kile kile, siku ile ile ya wiki, ili waliosikia kosa wayasikie. Na lalamiko lako litaje dakika, maana lisipotaja hakuna mhariri atakayerudia saa nzima kutafuta ulichokisikia.